Kutoka Dar hadi Mahoko na Kofia Kichwani

Rafiki zangu wa benchi la nyuma kanisani, mmeniuliza mara nyingi mpaka mke wangu Veneranda ameanza kujibu kwa niaba yangu, na anajibu vibaya. Anawaambia kwamba nilifunga safari mpaka Dar es Salaam kwenda kununua kabati. Basi nimekaa kuyaandika yote, ili mkishasoma mniache ninywe chai yangu kwa amani.

Aibu iliyonitoa Gisenyi

Mnalikumbuka gari langu jeusi, lile la chini. Nilipokuwa na miaka hamsini lilinipendeza sana. Nilipofikisha sitini na saba likageuka shimo. Kuingia hakukuwa na taabu, nilikuwa naanguka tu. Kutoka ndiyo ilikuwa kazi. Mwaka jana, kwenye posa ya mtoto wa ndugu yangu, mimi ndiye nilikuwa umukwe mukuru, yaani msemaji wa upande wa kijana, yule anayesimama mbele ya ukoo wa binti na kuomba mke kwa maneno matamu. Tulifika, mlango ukafunguliwa, nikatoa mguu mmoja, na mguu huo ukabaki nje peke yake. Kaka wawili wa binti wakanishika makwapa wakanivuta kama gunia la viazi. Kofia yangu ilibaki ndani. Nilipofungua mdomo kusema, mzee wa upande wa pili akanikatiza: "Mwalimu, wewe tumekutoa bure. Unataka na binti tumtoe bure?" Watu walicheka mpaka nikasahau nusu ya hotuba.

Kwa hiyo mwaka huu, mjukuu wangu Eliya alipopata mchumba wa Mahoko, hapo jirani na Gisenyi yetu, familia ilikaa kikao bila hata kuninong'oneza. Mkwe wangu Faustin, aliyemwoa binti yangu, ni mtu wa ofisi aliyerudi kutoka Goma, na tai haimtoki shingoni hata Jumamosi. Ndiye aliyeniletea uamuzi.

"Papa, bon, we umechoka," aliniambia huku akinipapasa bega. "Siku ile mi ndiye nitasema. We utakaa kwa minibus na bamama, pole pole, muzuri kabisa."

Nikamwambia katika ukoo huu msemaji ni mimi.

"Donc utashuka kwa gari namna gani, Papa?"

Wanangu wote wakatazama sakafu. Mwishowe tulikubaliana hivi: nikifika Mahoko Jumamosi ya posa saa nne asubuhi, nikashuka kwenye gari na kusimama bila kuvutwa na mtu, nitasema mimi. Mtu yeyote akinivuta, hata kwa kidole, Faustin anachukua nafasi, na si ya siku ile tu bali ya siku zote. Niliumia jamani. Nimefundisha watoto miaka thelathini kule Karagwe, Tanzania, nimerudi Rwanda nchini kwangu na meno yangu karibu yote, halafu nipangiwe kiti na bamama kwa sababu ya magoti!

Mwanafunzi wangu wa zamani aliyeko Dar alikuwa ameniandikia kuhusu magari madogo marefu yanayotoka Japani, akisema wastaafu wa kule wanayagombania. Habari ya kulipata na makaratasi yake naiacha, maana hata mimi nikiikumbuka nasinzia. Nilikwenda kwa basi na Anastazi, mnayemjua, aliyeendesha boti ziwani kati ya Goma na Bukavu miaka mingi. Ana miaka sabini, mabega bado ya mpiga kasia, na kofia ya pama ambayo sijawahi kuona kilicho chini yake.

Jumatatu: Dar hadi Dodoma

Gari tulilikuta limeegeshwa karibu na kibanda cha soda. Ni fupi kwa urefu wa barabarani, refu kwa kwenda juu, jeupe, na pembe zake ni za mraba. Vijana waliokuwa wanakunywa soda kibandani waliangua kicheko. Mmoja aliuliza kama tunahamisha friji. Anastazi akalisogelea. Alifungua mlango, akageuka, akakaa. Ni hivyo tu. Hakuinama wala kuparamia, na hakusema "aah" ile tunayosema sisi sote tukikaa. Kiti kilikuwa pale pale matako yake yalipokuwa yanakwenda.

Alishuka, akakaa tena. Alishuka mara ya tatu.

"Mwalimu," akasema, "hii gari iko muzuri sana. Mi naingia na kofia, natoka na kofia. Kofia haijui hata kama tumetembea."

Injini ilikuwa na sauti ya cherehani. Malori yalitupita, mabasi yalitupita, na karibu na Chalinze tulipitwa na mtu wa baiskeli aliyebeba mkaa, ingawa hapo palikuwa na mteremko upande wake. Lakini tulikuwa tumekaa wima kama wazee wa kanisa, tukiona mbele mpaka kona ya tatu.

Morogoro tulisimama kula. Anastazi aliagiza sambaza, kana kwamba samaki wadogo wa ziwa letu wanamngoja duniani kote. Mhudumu alimletea dagaa wakavu kwa wema wote. Akawatazama muda mrefu.

"Hizi zimekufa mara mbili," aliniambia pembeni, kisha akawamaliza wote na kuomba wengine.

Kabla ya Dodoma tulisimamishwa na ofisa wa trafiki mwenye mvi. Alilizunguka gari mara mbili. Nilianza kutoa makaratasi, akayakataa kwa mkono.

"Wazee, mimi nastaafu mwaka ujao," akasema. "Naomba nikae kidogo."

Akakaa, na mlango akaufunga. Akavaa kofia yake ya kazi, akajitazama kwenye kioo, akashika usukani, na akawa ametulia hivyo mpaka foleni ya magari nyuma yetu ikaanza kupiga honi. Alipotoka aliniuliza swali moja tu: "Na asubuhi, magoti yakiwa baridi?" Nikamwambia hata asubuhi. Alitupigia saluti.

Dodoma tuligundua jambo ambalo hatukulifikiria. Kitanda cha gesti kilikuwa cha chini, na asubuhi nilikaa pale nikipunga mikono bila faida. Anastazi akanionyesha namna wanavyosaidiana kwenye boti bila abiria kujua. Unasimama mbele ya mwenzako, unainama kama unayemnong'oneza siri. Yeye anashika mkanda wako wa kiunoni, nawe unajinyoosha pole pole ukiendelea kunong'ona. Anayetazama anaona watu wawili wenye shauri zito.

"Hii si kuvuta," nilimwambia. "Mimi ndiye nimekushika wewe."

"Kabisa. Faustin hawezi kusema kitu."

Tukafanya mazoezi ya mbinu hiyo kila asubuhi na kila baada ya chakula.

Jumanne na Jumatano: Singida, siku iliyopotea

Barabara ya lami iliisha na vumbi likaanza. Singida tulikula kuku wa kienyeji mgumu aliyeishi maisha marefu kuliko wahudumu. Tulipotoka tukakuta mzee mmoja amekaa ndani ya gari letu, upande wa abiria, miguu imenyooka na fimbo katikati ya magoti. Alikuwa mkuu wa stesheni mstaafu. Hakuomba radhi. Alitueleza kwamba amezunguka gari hilo kwanza ili kuhakikisha ni la wazee.

"Umejuaje?" nikamuuliza.

"Hakuna kijana anayenunua gari la kumfanya aonekane amekaa kwenye kiti cha jikoni."

Sikupenda neno hilo lakini lilikuwa kweli. Alikaa saa nzima, na wenzake wakaja, wakapanga mstari, kila mmoja akitaka kukaa na kushuka, kukaa na kushuka. Vijana wa pale walicheka kwa mbali. Wazee hawakucheka hata kidogo. Mimi nami, badala ya kuondoka, nilisimama pale nikieleza jinsi viti vya nyuma vinavyolala ili kupakia viazi, kana kwamba nililiunda mwenyewe. Majivuno hayo ndiyo yaliyotuponza. Tulitoka jua limepinda, na kabla ya Nzega tukanasa kwenye mchanga. Magurudumu ni madogo kama sahani. Tulilala humo humo tukiwa tumekaa wima, na Jumatano tulingoja mpaka alasiri lori la pamba litutoe. Dereva wa lori alitufunga kamba na kutuambia kwamba angeweza kutuweka juu ya mzigo wake tu, uzito asingeusikia.

Nzega nilikwenda posta nikampigia Faustin ofisini.

"Papa! Uko wapi? Sauti iko mbali."

"Niko njiani. Jumamosi nitafika."

"Bon, bon. Usikimbie, Papa. Kama unachelewa, usiwe na wasiwasi hata kidogo, mi niko. Nimeshaandika hotuba, kurasa ine."

Kurasa nne! Nilirudi kwenye gari nikalikanyaga mpaka Anastazi akashika kofia yake kwa mara ya kwanza.

Alhamisi: Kahama hadi Rusumo

Kahama tulilazimika kungoja, maana magari ya kuelekea mpakani yalikuwa yanaondoka pamoja kwa usalama. Wakati tukingoja tulikunywa uji kwa bibi mmoja mnene aliyeumwa nyonga. Aliliangalia gari letu huku akipuliza moto, kisha akauliza kama anaweza kujaribu. Alikwenda akichechemea, akageuka, akakaa. Halafu nikaona macho yake yamelowa.

"Gari zote nilizopanda tangu nizeeke," akasema, "ama napandishwa kwa kusukumwa nyuma, ama nateremshwa kwa kuvutwa mbele, na watu wanaangalia. Hili limeningoja tu."

Hapo nilijisikia vibaya kwa ule mzaha wote niliokuwa nao moyoni. Nilikuwa nikidhani nasafiri kwa ajili ya magoti na kumkomoa mkwe wangu. Kumbe nami nilitaka kitu hicho hicho: kitu kimoja duniani kinachonisubiri nifanye mwenyewe, bila kutazama saa. Bibi alimwamuru binti yake amletee uji humo garini, akaunywa taratibu, na msafara ulipoanza kuunguruma ilibidi tumbembeleze atoke.

Ijumaa: ng'ambo ya daraja

Mnajua kwamba Tanzania wanaendesha kushoto na sisi kulia. Pale Rusumo unaingia darajani ukiwa upande mmoja, maporomoko yananguruma chini yako, ukitoka unahamia upande mwingine. Watu wanahama. Usukani wa gari letu hauhami. Ulikuwa kulia Dar, na ukaendelea kuwa kulia Rwanda, mahali ambapo magari mengi dereva anakaa kushoto, na kulia kwake, kiti cha mbele, ndipo anapokaa mtu mkubwa.

Tangu hapo nilikuwa sioni kama naweza kumpita mtu. Anastazi akawa macho yangu, akiimba kama yuko majini: "Iko mulori! Ngoja... ngoja... pita!" Nami nakanyaga, cherehani inalia, na kabla hatujalifikia lori anasema, "Basi, rudi, mwingine anakuja." Hatukumpita mtu mpaka Kigali, isipokuwa mbuzi.

Baada ya Kibungo, kwenye kizuizi, Anastazi alikuwa amesinzia na kofia imefunika macho. Mwanajeshi kijana alikuja moja kwa moja dirishani kwake, upande wa kushoto, akagonga kwa hasira.

"We mzee! Unalala na gari linatembea?"

Anastazi akafungua jicho moja. "Mi nalala tangu Singida."

"Toa leseni!"

"Ya nini? Sina."

Mwanajeshi akawaita wenzake. Walipofika watatu ndipo mmoja akainama, akaona usukani uko mikononi mwangu, na wote wakabaki wakitutazama sisi na kabati letu. Tulicheka mpaka Kigali. Sikujua kwamba jambo lile dogo litanigharimu kesho yake.

Jumamosi: Mahoko

Tulitoka Kigali alfajiri. Milima ya Ruhengeri tuliipanda kwa gia ya kwanza, huku watu waliobeba viazi vichwani wakitusalimia, wakitembea, na kuendelea kutusalimia, maana tulikuwa nao sambamba. Mukamira kulikuwa na ukungu na baridi iliyoingia kwenye magoti. Saa nne kasoro dakika chache tukaingia Mahoko katikati ya soko, tukapinda kwenye njia ya kwa akina binti. Niliona hema, niliona minibus ya familia yangu, nikamwona Faustin amesimama na kurasa zake nne mkononi.

Vijana wa ukoo wa binti wakatukimbilia. Kama desturi ilivyo wakaenda mlango wa mbele wa kulia, pa mtu mkubwa, wakaufungua. Nikageuka, nikaweka miguu chini, nikasimama. Peke yangu! Kofia kichwani, koti halina hata kunjo moja. Veneranda alipiga kigelegele kabla ya wakati wake. Faustin alizikunja zile kurasa taratibu akazitia mfukoni. Naomba Mungu anisamehe kwa furaha niliyoipata.

Wakanipeleka hemani kwa heshima zote. Nilipogeuka kumtafuta Anastazi sikumwona. Alikuwa amekaa kushoto, kwa hiyo wale vijana walimchukua kuwa dereva wangu, wakamshika mkono kwa ukarimu na kumpeleka nyuma ya nyumba, wanakokula madereva. Nilitaka kusema kitu, lakini tayari walikuwa wananikaribisha kukaa, na mimi, kwa raha ya ushindi, nikakaa.

Jamani. Yalikuwa yale makochi ya kukodi, ya sponji, ya chini, ya zambarau. Nilikwenda chini, nikaendelea kwenda chini, na magoti yangu yakanifikia kidevuni. Nilielewa pale pale. Nimetoka Bahari ya Hindi na gari linalofaa, nimekuja kuzama kwenye kochi Mahoko. Faustin alikuwa amekaa kando yangu. Aliona. Mkono wake ukarudi mfukoni, polepole, na kurasa zikaanza kutoka.

"Papa," akaninong'oneza, "nikusaidie kusimama?"

"Bado," nikasema.

Desturi ni kwamba msemaji wa wenyeji anasimama kwanza, anawakaribisha wageni, ndipo wa wageni anasimama kuomba. Msemaji wao alikuwa Mzee Gaspari, mtu wa umri wangu, aliyekaa kwenye kochi kama langu upande wa pili. Hema lote lilimgeukia. Hakusimama. Alikohoa. Akaweka mikono miwili magotini, akayumba mbele kidogo, akarudi. Macho yetu yakakutana, nikayatambua macho yale, maana ndiyo niliyoyaona mimi kwenye kioo cha gesti kila asubuhi.

"Wageni wetu," akasema mwishowe, kwa sauti nzito, "leo kwa uzito wa jambo lenyewe, hapa kwetu tutasema tumekaa."

Watu walitazamana. Walikuwa hawajawahi kusikia kitu kama hicho.

"Mzee," nikajibu kwa haraka, "umetuheshimu sana. Na sisi tutajibu tumekaa."

Niwaambie, sijawahi kusema vizuri kama siku ile. Niliomba, akakataa kwa utani, nikaomba tena, akadai nimweleze sifa za kijana wetu, nikamweleza, hema likacheka kwa wakati unaofaa. Tukapewa binti. Watu wakasimama kupiga makofi, wote isipokuwa wawili.

Ikabaki kusimama kukumbatiana, kama inavyotakiwa. Nilitazama mlango wa hema kama mtu anayengoja mvua. Ndipo Anastazi akaingia, mshikaki wa mbuzi mkononi, akitafuta pilipili. Aliniona tu akaelewa. Akampa Faustin ule mshikaki aushike, akaja mbele yangu, akainama kuninong'oneza.

"Madereva wanakula muzuri kuliko nyinyi," alisema sikioni mwangu, nami nikashika mkanda, nikapanda juu taratibu, uso wangu ukiwa na fikra nzito.

Halafu, bila kuombwa, alivuka hema, akainama mbele ya Mzee Gaspari. Sijui alimwambia nini. Naye akainuka. Minong'ono ikaenea kila upande: huyu ni nani anayeshauriana na pande zote mbili? Mpaka leo wanamwita kwenye posa za Kanama nzima, eneo lote lile la Mahoko, kama mpatanishi, na anakwenda.

Gaspari alinikumbatia. Akaniuliza sikioni, "Ile gari yako, kiti iko juu?"

"Iko hapa," nikamwonyesha kwenye paja langu.

Hakungoja chakula. Alikwenda moja kwa moja garini, akafungua mlango wa kulia, pa mtu mkubwa, akageuka, akakaa, akafunga. Alikuta usukani mbele yake akaushika tu. Walimpelekea sahani humo, na bia humo, na wachumba wakaenda kupigia picha humo dirishani.

Tulipokuwa tunaondoka Faustin alinijia, mshikaki bado mkononi, baridi. "Papa," akasema, "umesema muzuri." Kurasa zake nne alikuwa amezitumia kumfungia Anastazi pilipili.

Basi hayo ndiyo yaliyotokea. Na nyinyi mnaotayarisha posa za wajukuu, nimepokea mialiko mitatu mpaka sasa, na kila mmoja wenu ananiuliza nitakuja na gari gani. Gari mmeliona. Niambieni mtanikalisha wapi.